Nilivyopata Lenzi Zisizokauka Jichoni

Wapendwa, jina la Bwana litukuzwe! Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Na kwa mliotoka kwetu Mvumi kuja kusali nasi leo, mbukwenyi!

Wengi mnanifahamu. Mimi ni Mwalimu Damari, nafundisha darasa la pili hapa Ihumwa, na kwa miaka mingi nimekuwa msomaji wa Neno katika ibada hii. Mchungaji ameniruhusu nisimame niseme Mungu alivyonitendea. Lakini kabla sijafika huko itabidi niungame kidogo, kwa hiyo nivumilieni.

Ndugu zangu, nilikuwa sioni.

Sikuwa kipofu wa kushikwa mkono. Nilikuwa naona mtu anakuja, ila sura yake sikuijua mpaka aongee. Herufi zilikuwa na vivuli pembeni, moja naiona tatu. Ilianza nikiwa chuo cha ualimu. Nikapewa miwani, baada ya mwaka ikawa haifai, nikapewa nyingine, nayo ikashindwa. Mwisho daktari mmoja akanieleza kwamba konea zangu, yaani kile kioo cha mbele ya jicho, zimekuwa nyembamba na kuchongoka, na miwani haiwezi kunyoosha umbo hilo. Akaniambia nahitaji lenzi za kuvaa ndani ya jicho, zile ndogo ngumu.

Nilipozivaa mara ya kwanza nilishangilia. Nikahesabu matofali ya ukuta wa ng'ambo! Lakini furaha hiyo haikukaa, maana mnaijua Dodoma yetu. Kiangazi kikiingia, upepo unavuma tangu asubuhi, vumbi linapanda, midomo inapasuka. Na lenzi zile zilikuwa zinakauka jichoni kama ganda. Kila nikipepesa macho nilihisi zinakwaruza. Siku moja nikiwa ubaoni, ya kulia iliruka ikaanguka, na darasa zima likapiga magoti kuitafuta kwenye sakafu. Iliokotwa kwenye sweta la mtoto wa dawati la mbele. Watoto walipiga makofi. Mimi nilicheka nao, kisha nikaenda kulia stoo ya vitabu.

Ikafika mahali nikawa naweza kuzivaa saa mbili tu kwa siku. Saa hizo mbili nikaziweka kwa ajili ya kufundisha. Kanisani nilikuja bila lenzi. Mtauliza, basi nilisomaje Neno? Nilikuwa nalisoma nyumbani kwenye simu, kwa maandishi makubwa kabisa, nalikariri lote, halafu nasimama hapa nafungua Biblia na kuangalia chini kama ninayesoma.

Mnakumbuka Jumapili ile Mchungaji alipobadilisha somo dakika ya mwisho. Nilisimama, nikafungua, nikaona ukungu. Nikasoma lile nililokariri. Watu wakasema mwalimu amempuuza Mchungaji mbele ya washarika. Wengine wakaongeza kwamba hata njiani siku hizi hasalimii wakubwa, amekuwa na kiburi. Nilisikia yote, wala sikujitetea. Ndugu zangu, nilichagua niitwe mwenye kiburi kuliko mjue kwamba sioni. Niliogopa kutolewa darasani. Niliogopa kuhurumiwa. Mchungaji, leo nakuomba radhi mbele ya watu wote. Na nyinyi mama zangu niliowapita njiani bila shikamoo, naomba mnisamehe.

Je, sikuomba? Niliomba sana! Nilifunga, nililia. Lakini nimetafakari maombi yale, na nimegundua jambo. Nilikuwa naomba niponywe kwa siri. Nilitaka niamke siku moja naona, ili nisilazimike kumweleza mtu yeyote kwamba nilikuwa sioni. Nilimtaka Mungu anisaidie kuficha.

Halafu yakaja mitihani ya muhula. Upepo siku hiyo ulikuwa unafungua na kufunga madirisha ya shule. Lenzi zilikwisha kukauka, lakini lazima nisimamie mtihani. Nikaitoa ya kulia, na kwa kuwa maji yake maalumu nilikuwa nimeyasahau nyumbani, nikaisuuza kwa maji ya bomba, nikairudisha jichoni. Ndugu zangu, msifanye hivyo kamwe! Siku ya pili jicho likawa jekundu. Siku ya tatu sikuweza kustahimili mwanga hata wa dirishani. Mume wangu alikuwa kazini Singida, na kwa simu nilimwambia ni vumbi tu. Nikafunga mapazia, nikalala kifudifudi, nikaomba.

Mama yangu mzazi alikuja kutoka Mvumi kuniletea karanga. Alinikuta hivyo. Akanigeuza uso, akafungua pazia kidogo, akaona doa jeupe kwenye kioo cha jicho.

"Vaa viatu twende hospitali," akasema.

"Mama, niko kwenye maombi."

"Utaomba njiani. Nyanyuka."

Ndiyo hivyo. Mama yangu hakubishana nami. Alinivalisha kitenge chake kichwani kikashuka usoni kuzuia jua, akanishika kiwiko, tukaondoka. Na njiani aliomba yeye, kwa Kigogo, kwa sauti, bila kujali nani anasikia.

Daktari aliniuliza lenzi niliisuuza kwa maji gani. Nilipojibu, akasema tungechelewa zaidi jicho lingepotea. Walinilaza. Nikatiwa dawa ya matone kila saa. Bwana alinihurumia, kidonda kikafunga, ingawa kimeacha kovu pembeni mwa konea. Na pale kitandani, mama akiwa kwenye benchi, nilimweleza kila kitu, tangu chuo. Hakunihurumia kama nilivyoogopa. Aliuliza tu, "Sasa nani anatengeneza lenzi za macho kama yako?"

Daktari alisema zile ndogo nisizirudie. Akanielekeza mjini, kwa mtaalamu wa lenzi, dada mmoja Mwislamu anayeitwa Zarina, wa familia ya Kihindi ambayo babu yao alifanya biashara ya vitambaa hapa Dodoma. Alinipima kwa mashine mpaka nikachoka. Akanionyesha lenzi kubwa, pana kuliko niliyowahi kuona. Alieleza kwamba hii haigusi konea kabisa. Inakaa juu ya weupe wa jicho, na kabla ya kuivaa unaijaza maji yake safi, kwa hiyo jicho linashinda ndani ya maji. Nikafikiri moyoni, mashaka yangu yamekwisha.

Hayakwisha. Ya kwanza iliingiza povu la hewa, nikaona mwezi katikati ya kila kitu. Ya pili ilibana, na jioni nilipoitoa iliacha duara jekundu kwenye jicho. Ya tatu ilikaa vizuri asubuhi, kufika mchana ikaanza kuuma. Nikakata tamaa. Nikamwambia, "Dada Zarina, basi. Pengine Mungu hataki."

Aliinua uso kutoka kwenye mashine. "Mwalimu, mimi siwezi kukuambia Mungu anataka nini. Ninachoona ni kwamba hii imebana upande wa pua. Nipe nafasi nyingine."

Halafu akaomba ruhusa akaswali Adhuhuri chumba cha nyuma. Nami nikabaki kwenye kiti kile. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka, sikuomba miujiza. Niliomba subira ya kurudi mara ya nne.

Nikarudi mara ya nne! Ndugu zangu, nilizivaa saa moja asubuhi. Saa nne nikasubiri kikwaruzo, hakikuja. Saa sita nikatoka makusudi nikasimama upande unakotoka upepo, vumbi likanipiga usoni, nikapepesa macho, jicho likateleza laini. Nilivua jioni, na bado zilikuwa na maji! Haleluya!

Siku ile ile, kabla sijazivua, nilimkuta mama, alikuwa bado kwangu, anapembua mtama. Nikachuchumaa mbele yake nikamwangalia.

"Unaniangalia nini?"

"Mama, nywele zako zimekuwa nyeupe lini?"

"Tangu ulipokuwa unaniambia unaona vizuri," akasema, akaendelea kupembua. Kisha ungo ukatulia mapajani mwake, tukalia wote wawili.

Wapendwa, sisemi kwamba nimepona. Nikizitoa lenzi hizi, nyuso zenu zinakuwa ukungu kama zamani. Kovu lipo. Kila asubuhi nanawa mikono, najaza maji, nainama, na siku nyingine nayamwaga nusu ndipo lenzi ikae. Lakini nafundisha kutwa nzima. Mwalimu mkuu nimemweleza, naye amenisogezea dawati karibu na ubao, wala hakunitoa. Niliyoyaogopa yote hayakuwepo! Mungu alinijibu kupitia mkono wa mama yangu, na dawa ya daktari, na jicho kali la Dada Zarina, na wote hao nilikuwa nimewafungia mlango kwa kuficha.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru nanyi kwa kunisikiliza. Na najua humu ndani yupo anayefinya macho sasa hivi akidhani hatuoni. Usiogope. Mtumaini Bwana, halafu umwambie mtu mmoja. Jumanne ninakwenda kukaguliwa macho mjini. Natoka nyumbani saa mbili asubuhi. Asiyependa kwenda peke yake anikute getini kwangu, twende wote.