Mama Skolastika Aliyeuliza Mahali

Wasikilizaji wapendwa, kama sufuria iko motoni, punguzeni kuni kidogo. Sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Mama Skolastika Keboinu wa Damaunu, kule milimani juu ya Kieta, kisiwani kwetu Bougainville. Amefariki Jumanne asubuhi akiwa na miaka sabini na minane. Narudia kwa ninyi mlio mbali: Mama Skolastika Keboinu, wa Damaunu, amefariki Jumanne.

Wengi mlimwita Mama Skola. Wengine, nawajua, mlikuwa mkimwona anakuja mnakata kona. Alikuwa na mdomo yule mama, na hakuuweka akiba.

Alikuwa binti wa miaka ishirini na miwili wapimaji wa mgodi walipopanda Damaunu. Wakapigilia vigingi katika shamba la magimbi la mama yake. Kwetu ardhi hufuata mama, lakini karatasi ya bwana mpimaji ilikuwa imetiwa sahihi na serikali ya ng'ambo, na huko hakuna aliyemuuliza mama yeyote. Skola akang'oa vigingi vyote. Akavitia jikoni, akachoma magimbi. Mpimaji aliporudi na mkalimani wake kuulizia vigingi, akakuta moshi.

"Vimeiva," Skola akamwambia. "Karibu gimbi."

Mdogo wake, Mzee Alois, anaisimulia mpaka leo. Aliniambia jana, macho yamevimba kwa kulia, lakini bado anacheka: "Alimpa la moto, limebabuka vizuri. Yule bwana akalipokea kwa mikono miwili, akala lote. Kesho yake akaleta vigingi vya chuma."

Ndivyo ilivyokuwa. Serikali ya ng'ambo ikaondoka, ikaja ya Port Moresby, bendera mpya, na vile vigingi vya chuma havikung'oka. Mgodi ukafunguliwa, mto ukawa tope. Mwisho vita vya kujitenga na Moresby vikaja, na mnavijua, sina haja ya kuvieleza. Alois akawa mkuu wa wapiganaji wa Damaunu. Skola akawapikia, akawaficha, akawatukana walipoiba kuku. Alitaka Bougainville ijitawale kama anavyotaka hewa.

Kisha serikali ikaifunga bahari, meli zisitufikie. Hakuna chumvi, hakuna sabuni, hakuna dawa. Tuliendesha magari kwa mafuta ya nazi, na wageni bado wanatusifu kwa ujanja huo. Watoto tuliowazika kwa malaria hawawataji.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu hapa ndipo maisha ya Mama Skola yalipokatika vipande viwili.

Mwaka tisini na tatu binti yake, Rosina, alikuwa na mimba ya miezi saba. Malaria ikampanda kichwani, akawa hamtambui mama yake. Kaka yake Rosina aliitwa Bosko, miaka ishirini na minne, mtu mpole, mrefu. Bosko akasema atavuka kwenda upande wa serikali kutafuta dawa. Mjomba wake Alois akamkataza. Mama yake hakumkataza. Akaondoka Jumatatu.

Jumatano habari zikaja kwamba askari wanapanda. Skola, kama mama mwenye ardhi, akaifunga njia ya juu, ile inayopita mashambani kwake. Alisimamisha kijiti, akakifunga jani jekundu kwa fundo. Ninyi mnajua: mama akifunga, mtu wa ukoo wake hapiti. Alifunga ili watoto wasiende huko wakakutana na bunduki. Askari wenyewe hawakuja.

Alhamisi mchana Bosko akarudi na mfuko wa dawa. Akafika penye jani. Shangazi yake, Birigita, alikuwa akichimba viazi vitamu pale karibu, na alimwona.

"Pita tu, mwanangu," akamwambia. "Dada yako yu hoi. Mama yako hatakuua."

"Mama amefunga, shangazi."

"Si kwa ajili yako!"

"Nikipita mimi, mwanawe, nani mwingine atamheshimu?"

Akageuka, akashuka njia ya mtoni. Huko mtoni kulikuwa na kikosi cha wapiganaji. Wetu, wasikilizaji. Wa uhuru. Lakini wa bonde jingine, hawakumjua. Walimkuta na dawa zenye mhuri wa serikali. Wakamwita jasusi.

Ijumaa asubuhi Skola alifungua mlango, akakuta mfuko wa dawa kizingitini. Dawa zote zimo, hakijapungua kidonge. Karatasi ya juu imeandikwa kwa mwandiko wa Bosko: Rosina, Damaunu. Na damu imekauka pembeni. Aliyeuleta alikuwa ameisoma ile karatasi, akajua wamefanya nini. Akauweka, akaondoka.

Alois alishuka mtoni kuuliza. Wakamjibu, "Mjomba, tulikamata jasusi. Mengine usituulize, vita havijaisha."

Rosina yupo hai. Nilimkuta jana amekaa chini karibu na mama yake, akimfukuzia nzi. Alisema hivi: "Nilikuwa nimeanza kupata fahamu. Mama akanishika kidevu. Akasema, meza, kaka yako amekufia hiki. Nikameza. Kila siku, siku tano, alinishika kidevu akaniambia hivyo hivyo."

Rosina akapona. Mtoto akazaliwa. Bosko hakuonekana. Narudia, kwa sababu ndilo jambo lenyewe: Bosko, mwana wa Skolastika, aliuawa mtoni mwaka tisini na tatu, na mpaka leo ukoo wake haujui amelala wapi.

Amani ilipokuja, zikaja na sherehe za mapatano. Pinde zikavunjwa, nguruwe wakatolewa, watu waliouliana ndugu wakatafuna popoo pamoja. Mama Skola alihudhuria mapatano ya kila bonde, hata yasiyomhusu. Alikwenda kwa miguu. Alikaa mbele, akangoja wakubwa wamalize hotuba, akasimama, akauliza, "Yuko wapi?" Akangoja. Kisha akakaa. Watu walichoka naye. Wengine walimwita mharibu sherehe.

Siku moja ujumbe ukaja Damaunu na nguruwe wanne na shanga ndefu za kome, fidia ya Bosko. Waliwakilisha bonde la wale wapiganaji wa mtoni, jina la aliyeua hawakuleta. Mzee Alois alitaka kupokea. Yeye ndiye mjomba, kauli ilikuwa yake.

"Dada, tupokee yaishe. Wajukuu waoane kwa amani."

"Pokea wewe. Ukishamla huyo nguruwe, nionyeshe nikalie wapi."

"Hawatasema, Skola. Wanaogopa."

"Sitaki jina, Alois. Sitaki kisasi. Nataka mahali."

Alois akawarudisha nguruwe. Tangu siku ile, anasema, watu wa bonde lile hawakumsalimu kwa miaka sita, naye hakujuta.

Mwaka elfu mbili na kumi na tisa tulipopiga kura ya kujitawala, wapwa walimbeba Mama Skola kwenye kiti mpaka kituoni. Alivaa gauni la kanisani. Alipotoka, kidole kina wino, nilimsogezea kipaza sauti nikamuuliza kama amefurahi. Swali la kijinga, naliona sasa.

"Nimechagua uhuru," akasema. "Ningechagua hata mara kumi. Na watu wa uhuru wameniulia mtoto. Wewe andika yote mawili, usiniandikie moja."

Nikamuuliza anamlaumu nani. "Njia niliifunga mimi," akasema. "Nilimlea vizuri mno, akanitii." Kisha akaomba maji.

Wasikilizaji wapendwa, hatuna nchi bado. Tumepiga kura, tunangoja, wakubwa wanakaa mezani. Tunajua kuidai Moresby ituambie ukweli, na tunaidai kwa sauti kubwa. Mama Skola alitudai sisi ukweli miaka thelathini na miwili, tukamwona msumbufu. Nami nilimwona msumbufu. Naona aibu kulisema, lakini nalisema.

Tunampa pole Mzee Alois. Tunampa pole Rosina na wanawe, na ukoo wote wa Damaunu. Mazishi ni Jumamosi, saa nne asubuhi.

Na wewe mzee uliyekuwa mtoni siku ile. Uliyesoma ile karatasi, ukaubeba mfuko mpaka mlangoni kwa mama yake. Najua unasikiliza, redio ni hii moja. Pole na wewe. Familia inasema huna haja ya kutaja jina. Taja mti, taja jiwe, taja ng'ambo ipi ya mto.

Damaunu wamechimba makaburi mawili, bega kwa bega. Mvua inanyesha tangu jana, na wana wa Rosina wanashinda humo wakichota maji kwa sufuria. La Mama Skola watalifukia Jumamosi. La pili, la Bosko, anasema Mzee Alois, wataendelea kulichota maji.