Korongo Ile

Kijiwe chetu kiko mtaa wa Mawenzi, ubavuni mwa duka la mbolea. Sirili ndiye anayemimina kahawa. Mwalimu Aminieli, mstaafu wa somo la Kiswahili, tunamwita Ngeli. Godlove tunamwita Holili, jina la kituo cha mpaka wa Kenya, kwa sababu kwake kila jambo limevuka mpaka. Mimi nasikiliza na kumaliza kashata za wenzangu. Juzi saa nane mchana akatokea Jovin, kijana anayeongoza watalii, buti zimejaa tope la Uru mlimani na machozi yanamlengalenga.

JOVIN: Shikamooni wazee. Nisaidieni, la sivyo leo narudisha beji.

NGELI: Marahaba. Umepoteza mzungu?

JOVIN: Ni wabongo wenzetu, mke na mume kutoka Morogoro. Bosi kanitumia meseji: “Siku nzima. Waonyeshe wanyama, halafu wapeleke korongo ile.” Nikawaonyesha mbega, nikawashusha kwa kamba hadi chini kwenye maporomoko. Mama akauliza, “Korongo yuko wapi?” Nikamjibu, “Tumo ndani yake.”

SIRILI: Yesu na Maria!

JOVIN: Kumbe alitaka ndege! Yule wa miguu mirefu. Kanuna, anaona namdhihaki. Wako garini pale ng'ambo. Akimlalamikia bosi, sina kazi.

NGELI: Ndege ni korongo yule. Bonde ni korongo lile. Sasa “ile” ni ya nani?

HOLILI: Ya Wakenya. Hiyo meseji imepitia mpakani.

SIRILI: Mbona hata hapa tunasema? Mbuzi ile, mtoto ile...

NGELI: Ndiyo maana nilistaafu na presha.

HOLILI: Dogo, mwambie ndege wamehamia Kenya. Wamevuka bila kugonga pasi.

SIRILI: Hapana. Mwambie hilo bonde alilichimba korongo mwenyewe, kwa mdomo. Ndiyo maana wana jina moja.

NGELI: Acha uongo! Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wazee wetu hawakuziba ufa, ndilo korongo hilo.

JOVIN: Sasa hiyo inanisaidia nini, Mwalimu?

NGELI: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji ni wewe. Wao wakiugua, shauri yao.

Nilimhurumia kijana wa watu. Kabla sijasema neno, mama mwenyewe akavuka barabara, kofia mkononi.

MAMA: Shikamooni.

SOTE: Marahaba, mama.

MAMA: Jovin, bonde lenu ni zuri, sina ugomvi nalo. Naomba kujua kitu kimoja tu. Huku kwenu, korongo anapatikana wapi?

Ngeli akainamia kikombe. Holili akatazama njia ya Holili. Sirili akafuta birika ambalo lilikuwa safi. Nusu saa nzima tumempa huyo ndege uraia na kumchimbisha bonde, na benchi zima hakuna aliyewahi kumwona. Niliona aibu, wallahi.

JOVIN: Mama, sijui. Sijawahi kumwona maishani mwangu. Nisamehe.

Mama akamtazama, kisha akavaa kofia.

MAMA: Hata mimi sijawahi. Ndicho kilichonitoa Morogoro. Haya, washa gari, tukawaulize wanaolima mpunga, wao ndio wanaoshinda na ndege.