Dada Povu na Yale Masaa Mawili

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi mliofanya kazi na marehemu, niwieni radhi mapema, maana historia hii nitaisoma vibaya, mimi ni mtu wa jukwaa la vichekesho na leo nimeambiwa nisimame wima nitaje tarehe, tena spika ya nyuma imegoma tangu asubuhi na fundi bado anaifungua, kwa hiyo mlioketi huko mtanisikia kwa imani tu, lakini marehemu alinichagua mwenyewe, na sababu yake inakuja.

Dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Dada Povu, alizaliwa tarehe 9 Juni 1958, mtoto wa pili kati ya watano, katika nyumba ya matofali nyuma ya kiwanda cha kofia, mama yetu akiwa mfuaji wa mashuka ya hoteli, na inasemekana alipojua kutambaa tu alikwenda moja kwa moja kwenye beseni la sabuni, jambo ambalo mimi kitinda mimba ninaliamini, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akiniogesha, na macho bado yananiwasha.

Alianza shule ya msingi mwaka 1965, sekondari mwaka 1972, akahitimu biolojia chuoni mwaka 1981, na huko ndiko alikojifunza kwamba wapo bakteria wanaojitengenezea sabuni yao wenyewe, sabuni inayoweza kuondoa mafuta machafu yaliyomwagika ardhini.

Tarehe 1 Septemba 1983 aliajiriwa katika maabara ya utafiti, ghorofa ya pili, chumba chenye dirisha moja, na kazi yake ilikuwa kuwabembeleza hao bakteria watoe sabuni nyingi zaidi, wapewe joto kiasi gani, chumvi kiasi gani, uchachu kiasi gani, walishwe mafuta yapi kati ya yale yaliyokwisha kukaangiwa aliyokuwa akiwaomba majirani, na mashine izitikise chupa zao kwa kasi gani, akibadilisha jambo moja tu kila mara na kuliandika kwenye daftari, maana alisema ukibadilisha mawili kwa pamoja hutajua umshukuru nani, kisha alimwaga maji kwenye sahani, akatandaza mafuta juu yake, akadondosha tone moja kutoka kwenye chupa, mafuta yakakimbia na kuacha duara, naye akalipima kwa rula, maana duara likiwa kubwa sabuni ni nyingi, na kwa miaka mingi duara hilo lilikuwa sentimita tatu, haliongezeki wala halipungui.

Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na fundi bomba aliyekuja kuzibua sinki la maabara, shemeji yetu huyu aliyeketi hapa mbele, ambaye alilizibua kwa siku tisa, sinki moja, wakajaliwa watoto wawili, wa kike mwaka 1989, sasa ni mwalimu, na wa kiume mwaka 1992, aliyerithi spana za baba yake.

Sasa Jumatano tarehe 15 Mei 1996 nilimtembelea kazini, naye akaitwa kwenye mkutano, akaniambia nikae na nisiguse kitu, na mimi sikugusa kitu, niligusa waya tu, nikachomoa ile mashine ya kutikisa ili nichomeke redio kaseti yangu nifanye mazoezi ya onyesho, na baada ya masaa mawili nikairudisha, nikaaga kama mstaarabu, na Ijumaa yake duara likawa sentimita nane.

Dada alifurahi, akarudia, akapata tatu, akarudia kwa miaka minne, akabadilisha joto, akabadilisha chumvi, akawauliza hadi walinzi kama umeme ulikatika, akakonda, na mimi nikauchuna, hadi mkuu wake alipompa mpaka mwisho wa Agosti 2000, asiporudia matokeo yale meza yake apewe mwingine, ndipo Jumapili tarehe 20 ya mwezi huo, tukiwa mezani kwake tunakula, nikamweleza habari ya waya.

Hakupiga kelele, aliweka kijiko chini, akanitazama, akasema, "Nimepima joto, nimepima chumvi, nimepima uchachu. Kumbe sikukupima wewe."

Akavaa viatu akaenda maabara, akachomoa waya masaa mawili, na siku mbili baadaye duara likawa nane, likawa nane tena wiki iliyofuata, meza ikabaki yake hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2018, na kwenye daftari, katika safu ya sababu, aliandika kwa wino, mdogo wangu.

Alianza kuugua moyo Februari 2019, akatibiwa kwa utulivu, akiwapima wauguzi sabuni za mikono, na wiki moja kabla ya kufariki aliniagiza nisome historia hii na nisiruke waya, akacheka hadi mashine yake ya kupima moyo ikalia, kisha akafariki Jumamosi tarehe 6 Novemba 2021, saa tano asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani kwa mafuta yenu yote machafu, wenzake wa maabara ambao hadi leo wanayaita mapumziko yale ya chupa ya masaa mawili "mdogo wake", na fundi wa spika, ambaye namwomba sasa aache kuifungua, ni nzima, nilichomoa waya wake asubuhi nichaji simu hii ninayosomea.

Pumzika kwa amani, dada, ulisema hukunipima mimi, basi leo nimepimwa, na hawa wote ni mashahidi.