Kichwa Kimya cha Victoria

Asubuhi ile benchi la kahawa la Eunike, pale Rau, lilijaa mapema. Godwin wa bodaboda, ambaye wenzake humwita Refa kwa kuwa kila ubishi lazima apulize yeye filimbi ya mwisho, alikuwa ameleta habari. Ezra muuza dawa za mifugo, ndiye Daktari, alikuwa na jibu kabla habari haijaisha. Sirili fundi baiskeli alikuwa kando yao, anaziba pancha ya mama mmoja wa Chekereni, masikio yote benchini. Habari yenyewe ilimhusu Victoria, binti wa Sirili.

Victoria ni golikipa. Miaka minne nyuma alifungwa goli la kizembe kule Kwa Sadala, kwa kumtazama mshambuliaji usoni badala ya kuutazama mpira. Tangu siku ile Sirili alikusanya mipira ya tenisi iliyochakaa, akaiandika herufi kwa kalamu nene, na kila jioni akawa anamrushia migombani. Herufi itajwe kwanza, ndipo mpira udakwe. Kijiwe kilicheka mpaka kikampa jina, Kochi Migomba. Yeye akaendelea kurusha.

Sasa walimu wa chuo kimoja walikuwa wamepima makipa kumi na wawili, Victoria akiwemo. Waliwavalisha kofia yenye nyaya, wakawaonyesha mipira inayopishana kwenye skrini, huku wakisoma ubongo unavyofanya kazi. Refa aliyaona majibu kwenye simu ya kipa mmoja aliyempakia.

— Ubongo wa Victoria ndio uliofanya kazi kidogo kuliko wote, alimwambia Sirili. Pole, mangi, lakini ndivyo ilivyoandikwa.

Sirili akaacha tairi. Jioni zote zile. Kumbe alikuwa anamchosha mtoto bure?

Daktari alimfariji kwamba hata ng'ombe akipigwa na jua sana hupoa hivyohivyo, na kwa kuwa haba na haba hujaza kibaba, atapona. Refa akapinga: tatizo ni misuko ya nywele za Victoria, kofia haikushika. Daktari akapanda juu zaidi. Kwa maelezo yake, mtu aliyezaliwa chini ya mlima huu ubongo wake huganda kidogo kwa juu, kama kilele chenyewe, na kipimo cha watu wa nchi tambarare hakiwezi kupenya barafu.

Hapo ndipo Victoria alipotokea, begi la mazoezi begani.

— Shikamooni.

Waliitikia marahaba kwa sauti ya msibani. Sirili akafuta mikono, akamuuliza moja kwa moja.

— Ni kweli kichwa chako kilifanya kazi kidogo?

— Ni kweli, baba. Wenzangu walihangaika na kila mpira uliopita, vichwa vikawaka. Mimi nilifuata ule niliotakiwa tu. Mwalimu anasema macho yaliyozoezwa hayausumbui ubongo. Lakini mpira wangu niliufuata vizuri kuliko wote.

Akaliweka sawa begi begani.

— Na jana uwanjani kocha wa mkoa alinichagua. Nitavaa namba moja.

Sirili akabaki amesimama na kiraka mkononi.

Benchi ndilo lililosema. Refa akatangaza kwamba debe tupu ndilo livumalo, kwa hiyo kichwa kimya ni kichwa kilichojaa, na kwamba yeye alilijua hilo tangu mwanzo. Daktari akasema siri ni kahawa ya hapa, maana mtoto ameinusa tangu tumboni. Refa akataja maji ya chemchemi za Rau. Daktari akaongeza ndizi, maziwa na hewa ya mlimani. Mwisho wakakubaliana kwamba Victoria ni kazi ya kijiwe kizima.

— Sisi ndio tuliomfundisha, Refa alihitimisha.

Yule mama wa Chekereni alikuwa amesikiliza yote, akisubiri baiskeli yake.

— Samahanini, mimi ni mgeni, alisema taratibu. Kati yenu ninyi mlioketi, nani alimrushia huyu binti hata mpira mmoja?

Refa akainama kutazama viatu vyake. Daktari akaanza kuchunguza kikombe. Eunike, birika mkononi, akaacha kumimina.

Victoria akashusha begi, akaenda kusimama kando ya baba yake, akaushika mkono wake uliojaa gundi ya pancha. Kisha, mbele ya benchi zima, akauinua juu.