Mshahara wa Kwenye Karatasi

Pale Kaloleni, kwenye pembe ya kinu cha kusaga unga, kuna benchi la mataruma ya reli ya zamani, meusi kwa mafuta na kwa kukaliwa. Hakuna aliyeomba ruhusa kuliweka, na hakuna aliyethubutu kuliondoa. Kathini huwasha jiko lake hapo kabla jua halijapanda juu ya vilima, mtoto wake Abby amemfunga mgongoni, na birika la kahawa ya tangawizi likianza kuchemka wateja wake wawili huwa wamekwisha fika. Mmoja ni Mzee Sylus, ambaye zamani alilinda geti la ubalozi mmoja Nairobi, na tangu hapo mtaa mzima humwita Ubalozi. Wa pili ni Kiilu, muuza mbegu, mweka hazina wa kila kamati ya mazishi na harusi, naye wamembandika jina Mchango. Hawa wawili hawajawahi kukubaliana hata kuhusu mvua iliyokwisha kunyesha. Lakini anayefika kwanza humfutia mwenzake umande kwenye benchi kwa kofia yake. Kathini huona kila siku, ila hasemi, asije akawaharibia.

Asubuhi hiyo akaja Elsie, simu mkononi, akaketi bila salamu. Elsie ni injinia wa migodi, binti wa Makwasinyi. Kazi yake ni kupima kuta za mashimo ya vito kule Kasigau zisije zikawaangukia watu. Jumamosi, siku yake ya kupumzika, huwaendea wachimbaji wadogo akawaonyesha bure namna ya kukinga shimo kwa magogo. Muinde, mume wa Kathini, ni mmoja wao. Mvua zilizopita shimo lao liliporomoka, na Muinde akarudi nyumbani na vumbi tu kichwani. Tangu siku hiyo kahawa ya Elsie hutiwa kabla hajaomba.

— Injinia, mbona umenuna kama mtu aliyemeza kashata na karatasi yake? akauliza Ubalozi.

— Ni ile kazi ya Marekani, Mzee. Kampuni imenikubali. Sasa ni viza, na viza inaenda kwa kura ya bahati nasibu.

— Kura! Hapo umefika kwangu. Mimi nimelinda geti la kura.

— Ulilinda geti, mzee, hukulinda kura, Kiilu akamkata. Wacha msichana aseme.

Elsie akaeleza polepole. Zamani kila mtu jina lake liliingia mara moja, basi. Sasa wamegeuza. Mwenye mshahara wa ngazi ya juu, jina lake linaingia mara nne. Wa ngazi ya chini kabisa, mara moja.

— Na wewe?

— Mimi wameniweka ya chini. Ngazi ya mtu anayeanza kazi.

— Anayeanza! Kathini akaropoka, kijiko mkononi. Na miaka yote hiyo unateremka mashimoni ulikuwa unacheza kibe?

— Huko hawaijui hiyo miaka, Mama Abby.

Ubalozi akaweka kikombe chini. Akiweka kikombe chini, watu hujua nadharia inakuja.

— Sikilizeni. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Na jina moja haliwezi kuvunja kura. Elsie ana majina mangapi? Elsie la ubatizo. Wakesho la nyumbani. Kuna la nyanya yake. Na hapa tunamwita Injinia. Manne hayo! Apeleke yote, kila jina liingie lenyewe.

— Na pasipoti je? akauliza Elsie.

— Pasipoti itachagua yenyewe ni nani.

— Ndiyo maana walikutoa kwenye geti, akasema Kiilu. Hii kitu ni rahisi, bana. Tatizo ni mshahara mdogo, ama? Basi tunauchangia.

— Unachangia mshahara wa Marekani?

— Kwani nini? Si tulichangia jeneza la Mwandawiro, tukachangia karo, tukachangia hata jino la pasta? Haba na haba hujaza kibaba. Tunaandika kamati, mimi mweka hazina. Kila mwezi tunamtumia mdosi wa hiyo kampuni kitu kidogo, yeye anaongezea kwa mshahara wa Injinia, ngazi inapanda.

Alikuwa amekwisha vua kofia na kuigeuza juu chini. Ubalozi, ambaye alikuwa bado anamcheka, akatia mkono mfukoni akatupa kitu ndani. Kathini akatazama birika haraka, maana macho yalimjaa machozi.

— Asanteni, wazee, akasema Elsie. Lakini sheria inasema mshahara lazima utoke kwa mwajiri mwenyewe.

— Sheria haijui harambee?

— Haijui.

— Basi ni sheria ya watu waliolelewa peke yao, akasema Kiilu, akiwa amekasirika kabisa. Watuonee hivi hivi? La! Nasi tuweke ngazi zetu. Hao Wamarekani wakija mbugani Tsavo na kofia zao, pale getini tuwaulize: wewe mshahara wako ngapi?

— Hapo sasa umeongea! Ubalozi akamuunga mkono, jambo ambalo halijawahi kutokea. Wa ngazi ya chini aonyeshwe ngiri.

— Tena ngiri kwa mgongo. Anakimbia.

— Wa kati apate pundamilia. Ndovu, alete barua ya mwajiri.

— Na simba?

— Simba ni kwa kura!

Wakacheka mpaka msaga unga akachungulia mlangoni. Elsie hakucheka. Alikuwa anaipindua simu, anaitazama, anaipindua tena. Kathini akafungua leso, akamshusha Abby, akamweka mapajani mwa Elsie. Anajua mtu aliyeshika mtoto husema kile alichokuja kusema.

— Kuna kingine, akasema Elsie. Meneja wa huko ameniandikia. Anasema kwenye fomu atajaza mshahara wa ngazi ya juu, niingie mara nne. Lakini atanilipa huo wa chini. Yaani ule wa juu utaingia wote kwa benki, halafu kila mwisho wa mwezi nimrudishie ile tofauti, mkononi, kimyakimya. Kule kwao ni usiku. Anataka jibu kabla hajalala.

Kiilu ndiye aliyeanza.

— Kubali. Mchagua jembe si mkulima.

Kisha akakunja uso, kama mtu aliyeng'ata jiwe kwenye maharagwe.

— Ngoja. Unamrudishia yeye? Kila mwezi? Hiyo ni harambee ya kumchangia tajiri! Sijawahi kuona.

— Mimi nimeona, akasema Ubalozi, na sauti yake haikuwa ya mzaha. Pale getini niliwaona wanaotoka wakilia. Siku ikijulikana, anayefungiwa mlango ni wewe, binti yangu. Yeye alizaliwa ndani.

— Na nikikataa? Nabaki na jina moja, na hata hilo anaweza asilipeleke. Mzee, kule wana mitambo inayosikia ukuta ukisogea kabla haujaanguka. Sisi tunasikia ukishaanguka. Nataka nijifunze ile kitu, niirudishe Kasigau.

Kathini akamwona Muinde akiwa chini ya ardhi saa hiyo hiyo. Moyo wake mmoja ulitaka kusema: kubali, dada, nenda hata kwa magoti. Akauma mdomo. Elsie hakuwahi kumwambia Muinde ateremke shimo ambalo yeye mwenyewe hajalikagua. Naye Kathini angemwambiaje Elsie ateremke hilo la meneja?

Wakati huo alikuwa amesimama mtu mgeni na kikombe chake mwenyewe cha bati. Aliitwa Vincent, amehamia mtaani juzi, na alikuwa akingoja kahawa kwa adabu mpaka wote wakamsahau. Ubalozi akasogea kumpa nafasi.

— Samahanini, nimesikia bila kualikwa, akasema. Huyo meneja, huo mshahara mkubwa anaweza kuuandika?

— Anaweza, akasema Elsie.

— Na kazi utakayofanya ni ile ile?

— Ile ile.

— Sasa kama anaweza kuuandika, kwa nini hawezi kuulipa?

Kiilu akatafuta methali, ikaonekana wazi usoni kwamba anazipitia moja moja, na hakuna iliyotosha. Kathini akaendelea kumimina mpaka kikombe cha bati kikafurika, na mgeni hakulalamika.

Elsie akamrudishia Kathini mtoto. Akaandika, vidole viwili, midomo ikisogea. Alipomaliza akawasomea kwa Kiswahili, wote wasikie:

— "Kama unaweza kuuandika, kwa nini huwezi kuulipa? Nilipe huo, niingie mara nne. Hutaki, peleka jina langu mara moja, na mshahara wa kweli. Sitakurudishia kitu."

— Wee! akasema Kiilu. Atakasirika.

— Akasirike.

— Anaweza kukuacha, Kathini akasema taratibu.

— Najua, Mama Abby.

Akabonyeza. Wote watano wakainamia kioo, Abby naye akinyoosha mkono. Alama mbili zikageuka buluu: amesoma. Hapo juu pakaonekana kwamba meneja anaandika. Pakawa patupu. Anaandika tena. Patupu tena.

— Huyu anaandika kitabu? akauliza Ubalozi. Mbona hakitoki?

— Haandiki, Mzee, akasema Elsie. Anafuta.