Visiki vya Goti

Benchi la mbele ya karakana ya Fundi Baiskeli lina miguu mitatu na tofali moja, na asubuhi ile wote waliolikalia walikuwa wanautazama mlima. Alikuwepo Fundi mwenyewe, grisi mpaka viwikoni. Alikuwepo Redio, mwalimu mstaafu asiyeweza kulala na habari tumboni. Alikuwepo Mama Kahawa na birika lake. Pembeni kabisa alikaa Goti. Jina hilo alilipata enzi za kuchoma mkaa. Goti lake bovu halikunjiki, basi yeye alikuwa akikata miti usawa wa goti, na wenzake waliokata chini kabisa walimcheka mpaka machozi. Siku hiyo kahawa ilimpoa mkononi. Mwenyekiti alikuwa ametangaza kwamba mpimaji wa misitu yuko njiani, na kipande chochote cha mlima ambacho hakikupandwa miti kitapitiwa na trekta ili kipandwe miche kwa mistari. Kipande cha Goti hakikupandwa hata mche mmoja, na ndicho pekee kilichokuwa kijani mlima mzima.

— Wametangaza leo redioni, Redio akaanza. Miaka thelathini misitu inayojiotea yenyewe nchi hii inapungua tu. Lakini sasa hivi kasi imepoa, na mahali pengine imeanza kurudi.

— Kurudi? akadakia Fundi. Kwani ilikuwa safarini?

— Usinichekeshe, bwana. Tazama pale kwa Goti. Miaka kumi na moja iliyopita palikuwa pamenyolewa wembe.

— Hao ni ndege, akasema Fundi. Wanatumwa na serikali. Wanalishwa mbegu mjini, wanaachiwa hapa.

— Na wanajuaje mpaka wa Goti?

— Wamepewa ramani!

Mama Kahawa akacheka kwa dharau.

— Ndege gani? Ni machicha ya kahawa yangu. Kila siku nayamwaga mtaroni, yanakwenda kurutubisha huko.

— Mama, mtaro unateremka, akasema Redio. Machicha yanapandaje mlima?

— Kahawa yangu ina nguvu, wewe huijui. Ndiyo maana hulali.

Redio yeye alishikilia kwamba ni mvua: siku hizi inatoka ng'ambo, ikiwa imeshachanganywa mbolea. Goti hakucheka. Alikuwa anaogopa, na alijua wazi anaogopa nini: lile trekta.

— Sikiliza, kaka, Fundi akamnong'oneza kwa sauti ya kusikika barabara nzima. Akija huyo mpimaji, wewe sema ulipanda. Sisi mashahidi.

— Miche elfu mbili, akasema Redio.

— Elfu tano! Mimi nilibeba maji, akasema Mama Kahawa.

Hapo hapo akafika mwanamke mmoja, viatu vimejaa tope, mkoba begani. Aliwaamkia, akaomba kikombe, wakamsogezea nafasi. Kabla hajapiga funda la pili, Fundi alikuwa ameshamwonyesha mlima.

— Unaona kule, dada? Huyu mzee ndiye kapanda. Kwa mikono yake.

— Nimetoka huko sasa hivi, akasema yule mwanamke. Ndiyo kazi yangu, kupima. Ila kuna jambo sijalielewa. Miti ile inasimama mitatu mitatu, na kila mitatu imetoka kwenye shina moja. Mliipandaje?

Redio akakohoa. Fundi akakumbuka kuna gurudumu linamsubiri. Mama Kahawa akachungulia ndani ya birika, utadhani jibu limo humo. Goti akaona aibu ya wenzake ni mzigo wake mwenyewe, akaweka kikombe chini.

— Mwanangu, hawa wananipenda tu. Haikupandwa. Ile ni miti niliyoikata mimi, ikachipua kwenye visiki. Ya wenzangu ilikufa kwa sababu ilikatwa chini mno. Yangu ilibaki na mahali pa kutokea.

— Na nani anayapunguza machipukizi, mpaka yabaki matatu?

Goti akakuna kichwa.

— Mimi. Kila baada ya mvua. Yakiachwa yote yanasongana, hakuna linalonenepa.

— Wewe! Fundi akaruka. Miaka yote hii unatuaga unakwenda kutafuta uyoga!

— Na uyoga wenyewe hatujawahi kuuona, akasema Mama Kahawa.

— Ningewaambia nini? Mchoma mkaa anakwenda kubembeleza visiki? Mngenicheka mpaka leo.

Hakuna aliyebisha, maana ndivyo wangefanya. Yule mwanamke akafungua daftari.

— Baba, hapo mwenyekiti amechanganya mambo. Trekta ni la sehemu zilizo tupu. Msitu unaorudi wenyewe haulimwi. Mimi natafuta huo huo. Miaka minane nazunguka naandika "umepungua". Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuandika "umeongezeka".

Goti akaupapasa mguu wake mbovu.

— Nahitaji jina la mwangalizi, akaendelea. Jina nimeshapewa na mwenyekiti. Kazi yako, baba?

— Mchoma... Fundi akaanza, akajirudi.

— Andika bwana misitu, akasema Redio, naye akasita, maana bwana misitu huajiriwa.

Wote wakamgeukia Goti. Miaka kumi na moja hajawasha tanuru la mkaa. Kwa mara ya kwanza tangu benchi lile liwekwe pale, watu wanne walikosa jina la kuiita kazi moja.

Mpimaji akaiacha nafasi ile wazi.

— Tutaijaza huko juu, akasema. Nionyeshe visiki ulivyoanza navyo.

Goti akainuka, akashika njia ya mlimani. Nyuma yake Fundi alikuwa anafunga karakana, Redio anatafuta fimbo, na Mama Kahawa anazima jiko.