Mnunuzi wa Majengo Atasubiri

Ndani ya Noah ya abiria iliyotoka mji wa Mkuu, Bibi Zita aliacha kusinzia ili asikilize vizuri. Mama wa siti ya mbele alimwambia kijana jirani yake kwamba anauza nyumba yake ya mjini, mtaa wa Majengo, aezeke ya kijijini inayovuja. Mnunuzi ana fedha taslimu, ila ndani wamo watu waliovunja kufuli wakahamia.

"Muuzie, awatoe yeye," kijana alisema.

"Atawatoa leo, baba. Na mle kuna mzazi, kichanga hakijafikisha mwezi. Watoke uzazi ukiisha."

"Mnunuzi akighairi?"

"Nitaendelea kukinga ndoo. Mzazi hafukuzwi. Mkungu huu wa ndizi niliobeba ni wa kumpikia mtori, supu ya mzazi."

"Mama, unawalisha waliokuvunjia?"

"Namlisha mzazi. Wengine wajitafutie."

Bibi Zita alitamani kumshika yule mama mkono. Gari liliposimama Majengo kijana alishuka na yule mama, bado anabisha, mkungu ukiwa begani kwake.